Makumbusho ya Polisi Sawa, Lakini Mlango wa Seli Uachwe Wazi

Babu yangu alikuwa karao. Nasema mapema kabla mtu hajanikumbusha kwamba mimi ndiye yule huandika kuhusu polisi mpaka mathee ananipigia simu kuniomba nipunguze. Ndiyo, ni mimi. Na karo yangu ya sekondari ililipwa kwa pensheni ya koplo mstaafu. Vyote viwili ni kweli.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake Voi. Mchana ule ndani hakukaliki, mabati yanachemka, kwa hivyo tukahamia nje chini ya mwarobaini, yeye na redio yake, mimi na simu yangu. Nilikuwa nimezama kwa video moja hivi hata akaniita mara mbili sisikii.

"Unatazama nini hapo?"

Nikamsogezea simu. Ilikuwa video ya makumbusho ya polisi huko London, mtaa wa Bow Street. Jengo lenyewe lilikuwa mahakama na kituo cha polisi kwa miaka mingi sana. Polisi waliondoka 1992, mahakama ikafungwa 2006, halafu 2021 zile seli zikafunguliwa kama makumbusho. Sehemu kubwa ya jengo siku hizi ni hoteli ya wenye pesa. Oscar Wilde, yule mwandishi, alipitia hapo alipokamatwa 1895. Wanawake waliokuwa wanapigania haki ya kupiga kura pia walipelekwa hapo. Leo unalipa kiingilio, unaingia seli ambayo wengine waliomba Mungu watoke, unapiga picha, unaenda zako kunywa kahawa.

Babu alitazama kimya. Ilipofika sehemu ya seli akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Akavua miwani.

"Ndoo iko wapi?"

Nikacheka. Shida ni kwamba nilicheka haraka sana, kicheko cha mtu anayejua.

"Wewe unacheka nini? Ndoo umeijulia wapi?"

Manze. Hapo nikajua nimejishika mwenyewe.

Miaka miwili nilikuwa nimemficha hii story. Nilikuwa na miaka 19, natoka kwa rafiki yangu, saa nne usiku, mji ambao sitautaja. Tulikuwa watano tukitembea kuelekea stage. Landrova ikasimama, tukaambiwa tupande. Kosa? Hakuna aliyetuambia. Mmoja wetu aliuliza, akapigwa kofi, sisi wengine tukaacha kuuliza.

Seli ilikuwa na watu kama kumi na wanne na ndoo moja kwenye kona. Ukiingia wa mwisho, unalala karibu na ndoo. Sisi tuliingia wa mwisho. Kuna kijana mmoja alikuwa amekaa pale siku ya tatu, na nilikuwa nimesoma Katiba shuleni, nikamwambia kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza korti ikifunguliwa. Watu wote walicheka. Hata yeye alicheka. Kilikuwa kicheko cha upole, kama cha mtu mzima anayemsikia mtoto akisema atakuwa rubani.

Asubuhi mzazi wa mmoja wetu akaja, "akaongea" na watu wa kaunta, tukatoka. Unajua maana ya kuongea. Lakini kitu kilichonikaa mpaka leo si pesa, wala kofi, wala ndoo. Ni kwamba wakati wa kutoka niliuliza namba yangu ya OB, nikaambiwa hakuna. Sikuwa nimeandikwa. Kwenye kile kitabu, usiku ule mimi sikuwahi kuwa pale. Wangeweza kunipoteza na kitabu kikabaki kisafi.

Nilimaliza kumwambia Babu, nikangoja. Nilitegemea atasema "ulikuwa unatafuta nini nje saa hizo," kwa sababu ndivyo wazee husema. Hakusema. Alizima redio. Kwa wanaomjua Babu, kuzima redio kabla ya taarifa ya habari ni jambo zito.

Nitarudi kwa alichosema. Kwanza niwaambie kwa nini ile video ilinishika.

Sijawahi kuona makumbusho ya polisi pale Voi, na siku nzima nilikuwa nafikiria, kwa nini kusiwe na moja? Historia ya kujaza vyumba tunayo. Polisi wa Kenya walianza kama walinzi wa kampuni, ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inafanya biashara Mombasa miaka ya 1880. Yaani mwanzoni kabisa kazi yao ilikuwa kulinda bidhaa. Kisha ikaja reli, ikapita hapa Voi kuelekea Tsavo, na 1902 kukaanzishwa polisi wa reli. Sheria ya kuwatambua rasmi ikaja 1906. Jina la Kenya Police lilikuja 1920, nchi ilipogeuzwa koloni. Ukisoma huo mpangilio vizuri unaona kitu: bidhaa zililindwa kwanza, reli ikafuata, sisi wananchi hatuko kwenye orodha. Ukiwahi kujiuliza kwa nini ukiingia kituoni unahisi kama umeenda kusumbua, anzia hapo.

Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika kwetu, Wajerumani walivuka mpaka wakachukua Taveta. Pale mpakani kulikuwa na kikosi kidogo tu cha polisi, na hakingeweza kuwazuia. Hiyo ni hadithi ya polisi pia, na ni ya hapa hapa.

1940, Waingereza walipiga marufuku Taita Hills Association, chama cha Wataita kilichokuwa kinapiga kelele kuhusu ardhi. Kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakakamatwa. Mmoja wao alikuwa Woresha Mengo, Mtaita. Ningependa kujua ni wangapi kati yenu mliotoka shule za Taita Taveta mmewahi kusikia hilo jina darasani. Mimi nilimaliza darasa la nane na form four hapo hapo, sikulisikia.

Halafu kuna Manyani. Kama umewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Nairobi umepita pale, dakika chache tu baada ya Voi, labda ukiwa umelala. Leo ni gereza, na pia ni mahali wanapofunzwa askari wa KWS. Lakini 1954 ilikuwa kambi kubwa ya kuzuilia watu wakati wa Hali ya Hatari. Aprili mwaka huo kulikuwa na msako mkubwa Nairobi, Operation Anvil, maelfu ya watu wakabebwa, na wengi wao wakaletwa Manyani na Mackinnon Road. Josiah Mwangi Kariuki, yule aliyekuja kuwa mbunge na kuuawa 1975, alizuiliwa Manyani na akaandika kitabu kuhusu maisha ya kambini. Haya yote yako kando ya barabara kuu. Sisi tunapita tukinunua maji na njugu.

Kwa hivyo vitu vya kuonyesha vipo. Wasiwasi wangu ni tutaonyesha upande gani.

Nikiwa darasa la saba tulipelekwa Fort Jesus. Wengi wenu pia, najua. Tulionyeshwa mizinga. Tukaambiwa Wareno walianza kujenga 1593, tukaambiwa Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka wakaichukua 1698. Niliandika yote kwenye daftari kwa sababu tulikuwa tumeahidiwa mtihani. Miaka kadhaa baadaye ndio nikaja kusoma kwamba kuanzia 1895 mpaka 1958 Waingereza walitumia Fort Jesus kama jela. Miaka sitini na kitu! Huenda mwalimu alitaja, mimi nikawa nafikiria chipsi. Lakini nakumbuka mizinga na sikumbuki mfungwa hata mmoja. Ngome ya Lamu ni vile vile, ilikuwa jela kuanzia 1910 mpaka 1984. 1984! Wazazi wetu walikuwa wameshazaliwa. Kuna wazee wako hai leo waliofungwa ndani ya jengo ambalo watalii wanapigia picha za harusi.

Mahali ninapojua walijaribu kufanya tofauti ni Kapenguria. Pale makumbusho yamejengwa kuzunguka seli walizowekwa wale sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko. Kila mtu anajulikana kwa jina. Ni vizuri, nawapongeza. Lakini enyewe, ni rahisi kuheshimu seli ya mtu aliyekuja kuwa rais. Seli ngumu kuheshimu ni ya yule kijana wa siku ya tatu ambaye hata mimi sikumuuliza jina.

Sasa turudi chini ya mwarobaini.

Babu alikaa kimya mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akaanza kuniambia kitu ambacho sikukitarajia. Hakuanza na mimi, alianza na kitabu.

"Kila asubuhi tukibadilishana zamu," akasema, "anayetoka anamkabidhi anayeingia. Bunduki ngapi, risasi ngapi, pingu ngapi, watu wangapi ndani. Kisha unaandika hali yao. Mimi niliandika maneno mawili. Wote salama."

"Si hivyo ndivyo inatakiwa?"

"Inatakiwa uende ukawaangalie kwanza."

Akanyamaza tena.

"Bunduki nilizihesabu moja moja," akasema. "Bunduki ikipotea, unafungwa wewe. Watu nilisimama mlangoni nikahesabu vichwa. Kuna asubuhi moja, kijana mmoja alikuwa amelala amegeukia ukuta. Nikahesabu kichwa. Nikaandika wote salama. Saa nne wakamtoa kwenda hospitali, amevunjwa mbavu usiku kabla sijaingia zamu. Alipona. Nilimuona mjini baadaye. Lakini mimi nilikuwa nimeshaandika."

Sikujua nimwambie nini. Unamwambia nini mzee wa miaka sabini na kitu aliyekubeba mgongoni? Nilitaka kumkasirikia na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimimina chai.

Lakini tangu siku hiyo ninaona "wote salama" kila mahali.

Machi 1959, kambi ya Hola, huku huku Pwani, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Ukweli ulikuja kutoka baadaye, na kelele zikafika mpaka bunge la Uingereza. Na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ilikuwa na majalada iliyoyahamisha kutoka Kenya na kuyaficha miaka yote hiyo. Wazee wetu walikuwa wanasema walipigwa, makaratasi yenye ushahidi yako kwenye masanduku Ulaya. Mwaka 2013 Uingereza ikalipa fidia kwa wazee zaidi ya 5,000. Wengi walikuwa wameshakufa wakingoja.

Kama unafikiri hiyo ni historia ya zamani, kumbuka Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni kama mimi, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya posti, akasafirishwa mpaka Nairobi, akawekwa seli katika Central Police Station. Siku iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliomchunguza wakasema majeraha yake hayaonyeshi mtu aliyejigonga, yanaonyesha mtu aliyepigwa na kukabwa shingo.

1959 ni maji. 2025 ni ukuta. Kati ya hizo mbili kuna bendera mpya, katiba mpya na jina jipya la National Police Service. Lakini kalamu ni ile ile.

Ndiyo maana nataka makumbusho ya polisi. Najua wengine wenu mtasema ni kupaka rangi uchafu, na pesa hizo zijenge hospitali. Nakubali kuhusu hospitali. Lakini kukosa makumbusho hakujatusaidia. Kumemsaidia anayeandika kitabu. Mahali ambapo hakuna kumbukumbu, wa kaunta ndiye anayekumbuka kwa niaba yetu sote.

Kwa hivyo siku moja ikitokea kituo kimoja cha zamani kimefungwa, Voi, Wundanyi, Taveta, popote, na mtu akasema tukikarabati tukifanye makumbusho, mimi nina masharti yangu.

Moja, kaunta ibaki na kitabu kiwe wazi juu yake. Watu wafunzwe kukisoma: nini kinaandikwa, nani anaandika, na kwa nini lazima uondoke na namba ya OB hata ukiambiwa haina haja. Mtoto wa darasa la saba akitoka pale akijua hiyo tu, kiingilio kimejilipa.

Mbili, seli iachwe kama ilivyo. Msipake rangi. Majina yaliyochorwa ukutani yabaki. Na ndoo iwepo. Babu amesisitiza ndoo.

Tatu, maisha ya askari yawekwe pia, bila kuficha. Babu aliishi laini za polisi kwenye nyumba ya mabati ambayo familia mbili ziligawanya kwa pazia. Mathee alilelewa nyuma ya hilo pazia, akijua ugomvi wote wa jirani. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa Baragoi walipotumwa kufuata mifugo iliyoibwa. Hao pia ni watu waliotumwa, na ni wachache tunaoweza kutaja jina la hata mmoja wao. Majina yao yawe ukutani. Mtu aliyelala nyuma ya pazia miaka ishirini hana ruhusa ya kuvunja mtu mbavu, lakini ukitaka kuelewa zinavunjwa vipi, lazima uone na hilo pazia.

Nne, ukuta mmoja uachwe mtupu, na kalamu iwepo. Ni wa wale ambao hawakuandikwa. Mimi nitakuja kuandika usiku wangu. Yule kijana wa siku ya tatu, kama uko mahali unasoma hii, njoo uandike wako, na unisamehe kwa kutokuuliza jina.

Jioni nilipokuwa naondoka kwenda kushika matatu ya Mombasa, Babu alinisindikiza mpaka barabarani, polepole kwa sababu ya goti. Nikamwambia nataka kuandika haya yote, na kama hataki nitaacha ile sehemu ya kitabu.

"Andika," akasema. "Lakini usiandike kana kwamba sisi sote tulikuwa wanyama."

"Sitaandika hivyo, Babu."

"Na usiandike kana kwamba sikujua."

Matatu ikaja. Makanga alikuwa anapiga kelele kama kawaida, dakika moja Babu akawa amebaki nyuma, ameshika fimbo yake, akiinua mkono. Tulipofika Maungu alinipigia simu. Nilidhani nimesahau kitu.

"Umefika wapi?"

"Maungu."

"Mko wangapi ndani ya gari?"

Nikageuka nikahesabu. Nilihesabu vizuri, mtu mmoja mmoja, mpaka mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake.

"Kumi na tano, Babu."

"Haya," akasema. "Ukifika, nipigie."